Jinsi ya kupima majani yanavyooza shambani kwako, na hewa ukaa inaingilia wapi

Watu wakisikia hewa ukaa (kabonidioksidi) inaongezeka wanawaza joto, mvua kugoma, theluji ya Kilimanjaro kuisha, basi. Mi leo nataka tuangalie chini, yale majani makavu yaliyojaa chini ya mti, yale ambayo kila asubuhi kuna mtu anayafagia na kuyachoma moto. Yakiachwa yaoze yanafanya kazi mbili kwa mpigo, yanarutubisha udongo na yanarudisha hewa ukaa angani, na sio kidogo jamani, vijidudu vya udongo wa dunia nzima vinatoa hewa ukaa mara kadhaa kuliko magari na viwanda vyote ukivijumlisha, ila hiyo mimea inaivuta tena inapokua ndo maana hesabu yake inakaribia kulingana, sio kama ya petroli na makaa ya mawe ambayo karibu nusu yake inarundikana tu huko juu.

Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na hewa ukaa kama sehemu 280 kwa kila milioni. Mwanasayansi wa Marekani, Charles Keeling, alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa kama 315, sa hivi tumeshapita 420. Swali: hewa hiyo ikizidi, majani yanaoza haraka zaidi au yanachelewa? Huwezi kujaza hewa ukaa kwenye shamba la robo eka, hilo tuachane nalo, lakini njia ambazo hewa ukaa inazipitia mpaka ilifikie jani lililodondoka unaweza kuziiga moja moja kwa vifuko vya wavu, mzani na daftari. Ndo nitakachoelekeza hapa.

Ila kwanza uzielewe hizo njia, la sivyo utapima usichokijua.

Wengi wanaanza kwa kudhani hewa ukaa inavigusa vijidudu moja kwa moja. Hapana. Ndani ya udongo vijidudu na mizizi inapumua muda wote na hewa haitoki kirahisi, kwa iyo hewa iliyonaswa mle chini ina hewa ukaa mara kumi, sehemu nyingine hata mara mia, kuliko hii tunayovuta mimi na wewe. Bakteria aliyezaliwa humo, ukimwambia huko juu imetoka 420 imefika 550 hata hashtuki.

Njia yenyewe inapita kwenye jani likiwa bado hai. Mmea ukipata hewa ukaa nyingi unatengeneza wanga mwingi, ila naitrojeni inayotoka kwenye udongo ni ileile, kwa iyo jani linakuwa kama mchuzi ulioongezwa maji, sufuria imejaa ila nyama ni zilezile. Na vijidudu vinavyoozesha majani vinaitafuta sana hiyo naitrojeni, bila hiyo havizaliani. Alafu kuna lignini, ile inayofanya jani liwe gumu kama kijiti, nayo ikipanda kidogo kazi inazidi kuwa ngumu. Kwa hesabu hiyo wanasayansi toka miaka ya 1980 walikuwa wanategemea majani ya dunia ijayo yataoza polepole, yatarundikana, na udongo utakufa njaa.

Hapo sasa ndo pananifurahisha. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani Richard Norby na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio mengi wakayachanganya, wakakuta kweli majani yaliyodondoka yenyewe kwenye mimea iliyokuzwa na hewa ukaa nyingi yana naitrojeni pungufu kwa asilimia 7.1 na lignini imezidi kwa asilimia 6.5. Sawa. Lakini walipoangalia kasi ya kuoza yenyewe hawakukuta mwelekeo wowote wa kueleweka! Hapa yameoza haraka, pale yamechelewa, kwingine sawasawa. Sababu moja kubwa ni kwamba mti sio mjinga, kabla haujaangusha jani unanyonya naitrojeni yake na kuirudisha kwenye matawi, kwa iyo ile tofauti kubwa unayoiona kwenye jani bichi inakuwa imeshapungua sana likifika chini. Na kadiri jaribio lilivyofanana na shamba la kweli, mizizi iko ardhini sio kwenye kopo, hewa iko wazi, jani limezeeka lenyewe, ndivyo tofauti ilivyozidi kuwa ndogo.

Ishike hiyo maana ndo inabeba somo zima. Chukua jani lenye naitrojeni asilimia 1, lipunguzie asilimia 7 ya hiyo moja, unapata 0.93. Sasa linganisha na tofauti kati ya jani la lukina, ule mti wa malisho wenye naitrojeni nyingi, na jani la mkaratusi. Au kati ya Aprili na Agosti. Mi naona watu tunabishana kuhusu 0.07 huku tumekalia mambo makubwa zaidi.

Makubwa yenyewe ni haya. La kwanza ni wingi, miti ikipata hewa ukaa zaidi mara nyingi inaangusha majani mengi zaidi. Kule kwenye msitu wa Duke, North Carolina, Marekani, walizungushia misonobari mabomba wakawa wanapuliza hewa ukaa kuanzia mwaka 1996, sehemu 200 zaidi ya ile ya kawaida, na zulia la majani makavu likanenepa, ila majani yale yalikuwa yanaoza na kupisha mengine kwa kama miaka mitatu tu kwa iyo kaboni haikukaa sana. La pili ni maji. Jani likishiba hewa ukaa linabana vile vitundu vyake vya kupumulia, maji yanapotea kidogo, udongo unabaki na unyevu siku nyingi zaidi, na sehemu kavu unyevu ndo kila kitu kwa vijidudu. La tatu ni joto, hili hata halihitaji maelezo. Na kuna la nne ambalo kwa udongo wetu uliochoka linatuhusu sana: karibu na Sydney, Australia, kwenye msitu wa mikaratusi uliosimama juu ya udongo wenye njaa ya fosforasi, walipopuliza hewa ukaa miti ilivuta kaboni zaidi lakini haikunenepa, nyingi ikarudi hewani, na karibu nusu ilipitia kwenye udongo. Yaani mti unakula, hauongezeki kilo. Mashamba mengi ya Kenya magharibi na huku milimani Tanga fosforasi ni shida hiyohiyo, so usidhani hewa ukaa ni mbolea ya bure.

Haya, tuingie kazini.

Vifuko. Unashona vifuko vya wavu kama sentimita 20 kwa 20, unaweka majani ndani, unavilaza chini, unavitoa kwa zamu na kupima kilichobaki. Wavu nunua ule wa madirishani wa plastiki, matundu yake ni kama milimita 1 na kidogo, unatosha. USITUMIE chandarua cha kugawiwa, karibu vyote vina dawa na dawa ile inaua wadudu wanaokutafunia majani, utapata jibu la uongo kabisa halafu utashangaa mbona kwako hakuna mdudu. Ushonee uzi wa nailoni. Mi mara ya kwanza nilishonea uzi wa pamba, nao ukaoza, nikaenda shambani nikakuta vifuko vimefunguka vyenyewe majani yametapakaa, miezi miwili imepotea ivo ivo. Lebo usiandike kwa maka peni kwenye karatasi, kata kipande cha kopo la soda, kwaruza namba kwa msumari, kiweke ndani ya kifuko.

Kama unataka kujua wadudu wanachangia kiasi gani, shona na vifuko vingine vya matundu makubwa, upana wa kidole kidogo hivi, mchwa na jongoo waingie. Ukilinganisha na vile vya matundu madogo tofauti yake ndo kazi yao. Ila kwenye sehemu za mchwa jiandae, unaweza ukainua kifuko ukakuta udongo mtupu, jani hakuna. Hayo nayo ni matokeo, andika.

Majani. Sheria moja tu ya kushika: okota yaliyodondoka yenyewe, usichume mabichi. Nimeshaeleza kwa nini, mti unanyonya naitrojeni kwanza, ukichuma bichi unapima chakula ambacho ardhini hakifikagi. Tandika shuka au turubai chini ya mti jioni, asubuhi okota yaliyodondoka usiku huo, maana yaliyolala chini wiki nzima tayari yameanza kuoza. Wakulima wanaofukia mbolea ya kijani kama alizeti pori au tughutu wao ni hadithi nyingine, kule jani bichi ndo lenyewe, pima bichi.

Chagua aina mbili zinazotofautiana sana, kwa mfano lukina au mshai upande mmoja, grivea au mkaratusi upande mwingine. Kuna kipimo kizuri walichokitoa watafiti wa mradi wa udongo wa tropiki uliokuwa na makao Nairobi, wanasema jani zuri la kufukia moja kwa moja lina naitrojeni zaidi ya asilimia 2.5, lignini chini ya 15 na zile tanini na jamaa zake chini ya 4. Huna maabara? Wakageuza kuwa kipimo cha mkono na ulimi: angalia rangi, jani la kijani kibichi lina naitrojeni kuliko la njano, likikauka livunje kwa vidole kama linasagika au linakatalia kama ngozi, na lionje kama linakausha ulimi kama ndizi mbichi basi lina tanini nyingi. Kuonja onja yale unayojua tu tafadhali, lenye utomvu mweupe usiguse ulimi.

Sasa kuna mwanafunzi hapa atasema mi nataka hewa ukaa yenyewe, nitaotesha maharage ndani ya nailoni na chupa ya hamira na sukari itoe hewa ukaa. Jaribu, ni burudani, ila nailoni inaongeza joto na unyevu pia, kwa iyo mwisho wa siku hujui ni kipi kimefanya nini, na maharage yana vinundu vyake vya kujitengenezea naitrojeni kwa iyo upungufu wenyewe huenda usiuone. Na mahindi ndo usihangaike kabisa, mahindi, mtama na miwa vina mtindo wao wa kuvuta hewa ukaa ambao umeshajitosheleza, ukiongeza havishtuki sana mpaka ukame uje.

Kukausha na kupima. Anika kivulini penye upepo mpaka uzito usibadilike siku mbili mfululizo. Maabara wanatumia oveni nyuzi 60 mpaka 70 kwa saa 48, kama una rafiki mwenye oveni ya namna hiyo vizuri, ya kuokea keki usijaribu kwa kukisia utachoma. Pima gramu 10 kila kifuko. Mzani wa jikoni unaoruka gramu moja moja haufai kwa hili, tafuta ule mdogo wa masonara unaosoma 0.01, ule wa mfukoni wa betri haukuumizi bei. Andika uzito halisi, ikiwa 10.13 andika 10.13.

Vingapi? Kila mara ya kutoa utoe vitano vya kila aina. Usitoe kimoja. Hii watu wanaiona kama kupoteza muda lakini majani ya mti mmoja, siku moja, yakilala mita mbili tofauti yanaoza tofauti, kimoja kikilala kwenye kishimo chenye maji na kingine juu ya jiwe umekwisha. Ratiba yangu ni wiki ya 2, 4, 8, 12 na 20, mwanzoni karibu karibu kwa sababu sukari na vitu laini vinaisha haraka, baadaye inabaki ile migumu inaenda kwa kujivuta. Hiyo ni vifuko 25 kwa kila aina kwa kila hali utakayoiga. Laza juu ya udongo, kandamiza kona kwa misumari mirefu, zungushia miiba kwa sababu ya kuku. Kuku! Kuku wa jirani waliwahi kunichakurulia mstari mzima ndani ya mchana mmoja.

Kuiga dunia yenye hewa ukaa nyingi. Hapa ndo pazuri. Ubora wa jani umeshauiga kwa zile aina mbili, tena umeuzidisha mara nyingi sana kuliko hewa ukaa yenyewe inavyofanya. Maji, chagua mistari miwili, mmoja uache na mvua ya Mungu mwingine umwagie lita kadhaa kila siku ya tatu kiangazi, kiasi kilekile kila mara. Wingi, pima mita moja ya mraba, kusanya majani yaliyodondoka hapo yapime, alafu rudishia mara mbili yake na vifuko viwe chini ya hilo zulia, kwenye mraba wa jirani rudishia kiasi cha kawaida. Utaona zulia nene linashika unyevu, kwa iyo wingi na maji vinaingiliana, ndivyo hata kwenye misitu vinavyoingiliana, usijilaumu.

Joto ndo gumu, ila sisi wa milimani tuna maabara ya bure. Mi niko Lushoto, kama mita 1,400, dada yangu yuko Mombo, karibu mita 1,000 chini yangu. Kila mita 1,000 ukishuka joto linaongezeka kama nyuzi 6 hivi. Kwa iyo seti moja ya vifuko inabaki kwangu, nyingine inashuka na daladala kwa dada, majani yaleyale, siku ileile. Tahadhari moja, ukishuka hubadilishi joto tu, unabadilisha na mvua. Kilimanjaro kuna watafiti walizika mifuko ya chai kutoka tambarare mpaka juu mlimani, wakakuta kuoza kwa kasi zaidi kuko katikati ya mlima, kwa sababu chini kunakauka na juu kuna baridi. Kwa iyo Mombo kiangazi usishangae majani yakikaa tu kama yalivyo na joto lote lile, ndo maana mstari wa kumwagilia na huko chini uwepo. Na mchwa, huko kwenye joto ndo kwao, kuna utafiti wa mwaka 2022 wa mabara mengi ulikuta mchwa wanaongeza kasi ya kula miti iliyokufa zaidi ya mara 6 kwa kila nyuzi 10 za joto, wakati kwa vijidudu watu huwa wanahesabu kama mara mbili hivi.

Hiyo mifuko ya chai nayo ni njia, kama kushona hutaki. Unazika chai ya kijani na rooibos, ile nyekundu ya Afrika Kusini, kina cha sentimita 8, unaacha siku 90 unapima. Ya kijani inaoza upesi, rooibos inajivuta, ukiwa nazo mbili unapata picha. Mbinu ilitoka mwaka 2013 na uzuri wake kila mtu duniani anazika kitu kilekile. Ila angalia mfuko wenyewe uwe wa nailoni, hii chai yetu ya kawaida ya mfuko wa karatasi utazika na utakuta umezika hewa.

Kutoa na kuhesabu. Kifuko kikitoka kiweke kwenye mfuko wake peke yake, makombo yanayodondoka njiani usiyahesabu kama yameoza. Nyumbani fungua, toa mizizi iliyoingia, toa wadudu, pangusa udongo kwa mswaki laini. Usioshe. Anika tena mpaka uzito utulie, pima.

Hesabu ya kasi ya kuoza ni moja tu, kwenye kikokotoo cha simu tafuta kitufe cha ln. Gawanya uzito wa mwanzo kwa uliobaki, bonyeza ln, alafu gawanya kwa wiki ulizosubiri. Tuseme grivea ulianza na gramu 10 baada ya wiki 12 zimebaki 6. 10 gawa 6, ln yake 0.511, gawa 12 unapata 0.043 kwa wiki. Lukina ikibaki gramu 2, inakuja 0.134. Ukitaka lugha ya mtu wa kawaida chukua 0.693 gawanya kwa hiyo namba, grivea inafika nusu kwa wiki 16, lukina kwa wiki 5.

Ukimaliza tafuta kwanza tofauti ya vile vifuko vitano vya hali moja, kikubwa na kidogo vimepishana kiasi gani. Ikiwa vya grivea peke yake vimepishana kutoka gramu 5.5 mpaka 6.6, basi mabadiliko madogo kama yale ya ubora wa jani yanayoletwa na hewa ukaa yamezama humo ndani, hata ungekuwa na mabomba ya Duke ungehangaika kuyaona. Alafu ndo uangalie mstari wa maji na mstari wa kavu, juu na chini ya mlima, zulia nene na jembamba. Zinazozidi upishano ule ndo za kuongelea.

Usiangalie uzito peke yake lakini. Kuna jaribio lilifanyika Marekani kwa majani ya aspeni, mti wa huko kwao, yaliyokuzwa na hewa ukaa mara mbili ya kawaida, wakayaweka majini wakalishia viluwiluwi vya mbu, vya aina kadhaa vikachelewa kukua na vya aina nyingine vikafa vingi zaidi. Usianze kushangilia habari za malaria, maana yake ni kwamba jani linaweza kuwa chakula kibaya kwa anayelitafuna, na mtoni wanaolitafuna ni wengi, wanaoliwa na samaki. Kwa iyo ukifungua kifuko hesabu na wakazi, jongoo wangapi, funza wangapi, nyungunyungu wapo au hawapo, kwenye daftari uweke safu yao.

Muda wa kuanza, huku kwetu ni kabla masika hayajashika, ili wiki zile nne za mwanzo zikutane na mvua na zile za mwisho ziangukie kiangazi. Vyangu vinaingia chini wiki ya pili ya Machi, dada wa Mombo keshanunua misumari ila kasema miiba nimpelekee mimi, kwake kuna mbuzi.